Mazishi ya Mtu Nisiyemjua

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimzika mama, na kabla maua ya kaburini hayajakauka, mashine za kuchuna chai zikaletwa kwenye shamba nililokuwa nafanya kazi, sisi wa kuchuna kwa mikono tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Hatujaitwa. Ninayosimulia hapa ni aibu, na niliifuata kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka kwetu Ndanai hadi mjini Litein kuuliza kazi ya kuosha vyombo hotelini, mwenye hoteli akasema nirudi mwezi ujao (alisema hivyo hivyo mwezi uliopita), na nilipokuwa narudi stendi mvua ikanishika karibu na boma lenye hema la mazishi, nikaona afadhali niingie nijikinge kidogo. Nilikaa nyuma, upande wa akina mama. Kwaya ikaanza kuimba, nikasikia kitu kinapanda kifuani, na mimi ambaye kwenye mazishi ya mama sikulia, kwa sababu nilikuwa natafuta viti na sahani za wageni, nikalia pale mpaka kamasi zikanitoka.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanishika bega, akaniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nilitikisa kichwa tu, nikaendelea kulia. Vichwa vikaanza kugeuka, safu baada ya safu, kwaya ikanyamaza, na mwanamume mwenye koti jeusi, ndugu ya marehemu, akaja akainama mbele yangu.

"Dada, kama uko na mtoto wake, sema sasa. Tukishamzika hakuna kesi."

Hapo ndipo nilipoelewa wananifikiria nini. Nilisema simjui, mvua ndiyo iliyoniingiza. Watu wakacheka, mmoja akasema kumbe mvua ya Litein siku hizi inaliza wasichana. Sikumkasirikia, hata mimi ningecheka.

Mjane hakucheka. Alikuja mwenyewe, leso mkononi, macho makavu.

"Mimi sitakupiga," akasema. "Niambie ukweli tu. Ulikuwa naye?"

"Hapana, mama. Namlilia mama yangu. Na kazi iliisha. Sijui nitakuwa nini."

Aliniangalia uso, kisha akaniangalia tumbo, na macho yake yakabaki hapo. Nilitamani aniamini kuliko nilivyotamani ile kazi ya hoteli. Alirudi kwenye kiti chake, na (hili ndilo linaloniuma) sasa ndipo akaanza kulia, nikajua nimempa shaka ambayo asubuhi hakuwa nayo, na sina namna ya kuiondoa.

Tangu siku hiyo mvua ikininyeshea, inaninyeshea. Siingii kwa watu.

Siku hiyo ndugu ya marehemu alinisindikiza mpaka barabarani, bila ukali. Akatoa simu, akasema lazima anipige picha, ili nikija baadaye kudai shamba wanitambue. Nilifuta uso, nikasimama. Akaniambia nisitingishike, ya kwanza haikutoka vizuri.