Kwanza Saa, Kisha Mvua

Bi Taipu alipiga taipu katika ofisi ya hali ya hewa kwa miaka ishirini na sita, na hakuna barua iliyowahi kurudishwa mezani kwake. Jina hilo alipewa na marehemu kaka yake, mpima mvua wa kituo hichohicho, aliyezoea kusema kwamba dada yake hata akipiga chafya huweka nukta mwishoni. Taipu zilipoondolewa na kompyuta kuingia, wenzake wawili waliacha kazi. Yeye alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaanza upya na miaka yake arobaini na minne, na akaweza.

Jumatatu moja mkuu mpya wa kituo alimwita. Alikuwa akiandaa kitabu cha takwimu za mvua.

"Mama, miaka tisa ya kaka yako itabidi niiache," alisema, kwa adabu zote. "Nina jumla za mwezi tu. Vipimo vya kila siku sivioni, na watu wanasema alikuwa akikisia."

"Watu gani?"

"Watu, mama."

"Vipimo vipo kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma."

"Vipo, lakini programu iliyoviandika ilishakufa. Ukivifungua kabla ya Ijumaa saa sita, nitavichapa. Ukishindwa, kitabu kinaenda mtamboni bila yeye."

Bi Taipu aliporudi nyumbani alimweleza wifi yake, mjane wa yule kaka, ambaye walikaa naye nyumba moja. Mjane aliweka kikombe chini taratibu.

"Mume wangu akisie? Yule hakukisia hata umri wangu. Aliomba cheti."

"Ndiyo maana nitavifungua. Kuna programu huria ya kusoma mafaili ya zamani ya hali ya hewa. Watu wa kujitolea wameitengeneza, wanaitoa bure. Ila iliyo tayari haikubali kompyuta kuukuu kama ile. Inabidi niijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake."

"Kwa lugha ya watu?"

"Sipewi gauni, wifi. Napewa kitambaa, mchoro na maelezo ya kushona."

"Na wewe kushona ulifeli."

"Basi shukuru gauni lako la harusi halikupita mikononi mwangu."

Jumanne alianza. Kabla ya ujenzi, programu hukagua kwanza kama kompyuta ina kila kitu, na ile ya chumba cha nyuma haikuwa na kitu. Kila kilichokosekana alikiandika daftarini, akakifuata kwenye kompyuta ya mapokezi yenye intaneti, akakirudisha kwa flashi. Alikwenda na kurudi mara kumi na saba. Mfagizi alimuuliza kama ameweka nadhiri.

Jumatano vifaa vilitimia, lakini ujenzi ukagoma. Ujumbe, ukiutafsiri, ulisema: faili nililoliunda sasa hivi ni la zamani kuliko yale niliyoletewa. Alifuta kila kitu, akaanza tena. Jibu lilelile. Alhamisi asubuhi aliwaandikia wale wa kujitolea barua kamili ya kiofisi, yenye kumbukumbu namba na "Yah:" iliyopigiwa mstari.

Kabla ya chakula cha mchana alijibiwa na mtu asiyemjua. "Hatujawahi kupata barua nzuri kama hii. Tafadhali, kompyuta yako inasema leo ni tarehe ngapi?"

Alirudi chumba cha nyuma, akaangalia tarehe pembeni mwa skrini. Ilikuwa nyuma kwa miaka kumi na mitano.

Betri ya ndani ilikufa zamani, na kila ikiwashwa asubuhi kompyuta hurudi tarehe ileile. Ofisi nzima ilijua, na hakuna aliyejali, maana ukutani palikuwa na saa kubwa. Kwa hiyo mafaili aliyoyaleta, machoni pa mashine hiyo, yalikuwa yametoka miaka ambayo bado haijafika.

Bi Taipu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kaka yake hakuwahi kusogelea kipimo cha mvua kabla ya kusawazisha saa yake ya mkononi kwa redio. "Kwanza saa, kisha mvua," alisema kila siku, na yeye kila siku alimwambia aache makuu.

Alisawazisha saa, akaanza upya. Mistari ilishuka kwenye skrini kwa dakika hamsini, ikafika mwisho bila kosa hata moja. Alisakinisha programu, kisha akabandika karatasi kwenye skrini: USIZIME.

Ijumaa saa nne mkuu alisimama nyuma ya kiti chake, na mjane pembeni, mkoba kifuani. Faili likafunguka. Siku baada ya siku, saa tatu kamili asubuhi, milimita baada ya milimita. Katika mwaka wa sita palikuwa na pengo la siku kumi na moja, na maneno machache: "Sikupima. Mke wangu amelazwa. Sikupata wa kunishikia."

Mjane aligeukia dirisha.

Mkuu alizihesabu siku hizo kwa kidole. "Angekuwa anakisia, hizi angezijaza," alisema. "Hata kwenye karatasi ya jumla ameuwekea mwezi huu nyota. Mimi nikadhani ni doa." Akamgeukia mjane. "Nisamehe, mama. Yote yanaingia, na pengo lake."

Mchana ule Bi Taipu alikaa kuandika barua ya shukrani. Ndani ya programu palikuwa na orodha ya walioitengeneza, majina arobaini na matatu, mengine hakujua hata kuyatamka.

"Utawaandika wote?" mjane aliuliza.

"Wote. Nisomee polepole."

Mjane akavaa miwani, akavuta kiti, akaanza na la kwanza.