Nilicheka Mama Akimwita Binti Yangu Mke Mwenza

Kosa ni langu, na sitamsukumia mtu. Si mama yangu, si ugonjwa, si mila zetu. Ni mimi na hiki kinywa changu kinachopenda kuchekea kila kitu.

Kwetu sisi Waluo, nyanya anaweza kumwita mjukuu wake wa kike nyieka, yaani mke mwenza. Ni utani mtupu. Eti huyu mdogo amekuja kuninyang'anya mzee wangu. Watu wanacheka, mtoto naye anajibu, siku inaenda.

Kwa hivyo tulipomzika baba, na mama akahama Kisian kuja kukaa nami hapa Nyamasaria, nilifurahi kumsikia akimwita binti yangu nyieka. Nilisema afadhali, mama amepata wa kumchangamsha.

Lakini utani wenyewe ukawa hauishi. Mama akaanza kumficha mtoto sukari. Akamfukuza kwenye kiti. Akawa anamuuliza kwa sauti ya chini amemficha wapi mzee. Mimi, mjinga mimi, nachukua video natuma kwa grupu ya familia! Kaka yangu wa Milimani anajibu eti mama angeenda kwa televisheni. Hata mama aliporudia swali moja mpaka chai ikapoa, nilisema ni uzee tu.

Siku moja binti yangu, mtoto wa miaka tisa, alinifuata saluni nikiwa nasuka mteja. Akasema, "Mama, Dani hachezi."

Dani ni nyanya yake. Nikamwambia aache kulalamika, anataniwa kwa sababu anapendwa. Mteja akacheka, mimi nikacheka zaidi. Ningekuwa na akili ningefunga kazi saa hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata, tumetoka kanisani, mtoto akajifunga leso ya nyanya yake acheze. Mama akamwona. Mimi haraka nikatoa simu, nikaanza kucheka kabla hata neno halijasemwa. Mama akamwuliza, "Umechukua bwana yangu, sasa unachukua na nguo zangu?"

Akashika kikombe chake, akammwagia. Chai ya moto, jamani! Shingo na bega lote.

Mtoto alitibiwa, na daktari aliposikia ni nani alimwagia, akataka kumwona mama pia. Akanieleza kwamba ubongo wake unapoteza mambo mapya kwanza. Ya jana na juzi hayashiki, ya zamani ndiyo yanabaki. Hapo nikakumbuka kitu ambacho kwetu hakizungumzwi. Baba aliwahi kuoa mke wa pili nikiwa mdogo. Huyo mke na mama waligombana vibaya mpaka yule mwanamke akaenda zake.

Kumbe mama hakuwa anatania! Alikuwa amerudi kwa ile nyumba yake ya zamani, na kila akimwangalia mwanangu anamwona yule mwanamke. Mtu anaumia hivyo na mimi nacheka! Nilishindwa hata kumwangalia daktari usoni.

Sasa mama anatumia dawa, ametulia kidogo. Ile chai haikumbuki kabisa. Anamwita mtoto aje akae karibu naye, mtoto anapitia mlango wa nyuma. Mama ananiuliza, "Nyathina, mwanangu, huyu mtoto nilimkosea nini?"

Namwambia hakuna kitu. Nitamwambiaje, mama yangu mzazi? Nikimwambia atalia, halafu atasahau, kesho ataniuliza tena.

Juzi nilikuwa namsuka binti yangu, polepole nisiguse kovu. Nikamwambia Dani amesahau yale yote, na yeye ajaribu kusahau.

"Na wewe umesahau?" akauliza. "Ulikuwa unacheka."

Nilishika kitana tu.

Wewe unayesoma hii, kama mzazi wako anarudia maneno, usiseme ni uzee, mpeleke hospitali. Na mtoto akikwambia mzee hachezi, weka simu chini umsikilize. Mimi niliambiwa nikaona ni kichekesho, na siku hizi binti yangu akinisikia nacheka sebuleni, anaingia chumbani na kufunga mlango.