Wafula na Mitungi Yake Miwili

Mnaniona nimesimama. Mguu mmoja wa Mungu, mwingine wa fundi, lakini nimesimama, na kwa hilo namshukuru Bwana mbele yenu nyote.

Miguu ndiyo iliyonipeleka jeshini. Siku ya kusajili makurutu kule kwetu Kitui nilikimbia mpaka wenzangu wakala vumbi. Nikamwoa Mama Mumo, tukapanga nyumba Riruta, ghorofa ya tatu. Maji yakikatika, mimi ndiye nilikuwa nabeba mitungi miwili kwa mara moja, naye ananingoja mlangoni akicheka.

Halafu nikapelekwa vitani Somalia. Gari letu likakanyaga bomu. Nilizinduka hospitalini nikaona blanketi imelala bapa chini ya goti la kushoto. Kidonda kilitoa usaha, kikanuka mpaka nikaona haya wageni wakija. Na ajabu ni hii: vidole vya mguu uliokatwa viliwasha usiku na mchana.

Niliporudi Riruta nikakuta maji yanabebwa na Wafula, jirani wa mlango wa pili. Ni mjenzi huko Kitisuru, Mluhya wa mabega mapana.

"Mama Mumo, maji hayo!"

Naye mke wangu anacheka. Kicheko kilekile changu! Jamani, wivu ulinishika mpaka chakula hakishuki. Niko kitandani, nasikia miguu ya Wafula kwenye ngazi, miwili, mizima, na juu ya hayo anapiga mluzi. Ningeweza, ningemng'oa mmoja nijivike.

Nilipopewa mguu wa bandia daktari alinionya, "Usibebe mzigo. Kovu likipasuka na kuoza, tutakata juu ya goti."

Nilimsikia vizuri. Lakini Jumamosi moja maji yakapotea, nikamkuta Wafula chini ameshika mitungi yetu. Nikamnyang'anya mmoja.

"Afande, wacha tu."

"Hii ni nyumba yangu!"

Ghorofa ya pili nikateleza. Mtungi ukapasuka, maji yakateremka ngazi zote pamoja na damu yangu. Wafula akaninyanyua mikononi kama bibi harusi.

"Niweke chini!"

"Nikikuweka chini, Mama Mumo ataniua."

Mama Mumo akamshukuru, akafunga mlango. Akanivua mguu, akaniosha kigutu kwa maji ya chumvi. Nikalipuka.

"Si uende kwa huyo mwenye miguu!"

Vile vidole vikaanza kuwasha, nikakunja uso. Akapeleka mkono kwenye godoro, mahali patupu pa mguu, akakuna, kama alivyofanya tangu hospitalini. Mwasho ukatulia.

"Baba Mumo, uko na akili kweli? Wafula ananibebea maji. Unafikiri kuna mwanaume mwingine naweza kumkuna mguu ambao hauko?"

Nililia mpaka kamasi.

Kovu lilifunga, goti nikabaki nalo. Siku hizi niko mapokezi kwa ofisi moja mjini, na jioni nabeba mtungi mdogo, nusu tu. Ndugu zangu mliokatwa, msikilizeni daktari. Na wivu ukiwashika, usemeni mapema, kabla haujatunga usaha.

Wangu haujaisha, siwadanganyi. Wafula bado ananipita kwenye ngazi na mitungi yake miwili na mluzi wake. Namwacha apite. Yeye vidole vyake vikiwasha, anajikuna mwenyewe.