Mama Zuhura Hakuonja Chumvi

Juzi nilipita karibu na msikiti hapa Embu, nikanusa maharagwe yenye bizari, nikakumbuka mchana mmoja wa njaa utotoni mwangu, kule Kiritiri, Mbeere. Mvua ilikuwa imetunyima, na Mama Zuhura, mke wa mwenye duka, alikuwa akitupikia githeri, mahindi na maharagwe, nyuma ya duka lake.

"Mama Wanja, hebu nionjee chumvi," alimwambia mama yangu.

Midomo ya Mama Zuhura ilikuwa imekauka kuliko yetu. Alipakua mpaka mwiko ukakwaruza sufuria, na yeye hakutia kitu kinywani. Sikujua Ramadhani ni nini. Nilidhani tumemmalizia chakula chake. Nikaacha kula, nikampelekea nusu iliyobaki.

"Kula, Mama. Sisi tumekumalizia."

Alinishika shavu, akaifunika ile sahani. "Nitakula jua likizama, mwanangu."

Leo najua alikuwa amefunga. Hata hivyo hatia haijanitoka, kwa kuwa ukame umerudi Mbeere, nami nakula nikashiba bila kumuuliza jirani amekula nini. Siku ile nilirudi nyumbani nikilitazama jua, nikilisihi lishuke haraka.