Kiraka cha Ritifaa

"Huyu Ombe ni nani, mbona yumo kila kijiji?"

Aliyeuliza ni Bwana Donatus, msimamizi wa mradi wa chanjo ya mifugo mjini Shinyanga, mwaka 1998, huku akigonga kidole kwenye taarifa iliyotoka kwenye printa. Karani wake wa kompyuta, Mageni Ng'wandu, alichungulia. Ombe alikuwa Mwakitolyo, alikuwa Kolandoto, alikuwa Ushirombo, na kila alipokuwapo, Ng alimtangulia.

"Ni ng'ombe, Bwana Donatus. Mashine imemchinja katikati."

"Basi mwambie mwenye mashine amuunge!"

Bwana Donatus akaondoka anacheka. Mageni hakucheka, kwa sababu alijua kwamba wenyewe wapo, na kwamba wanaambilika.

Programu ile aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Larko, iliyofika katika disketi za mtaalamu wa kigeni aliyeanzisha mradi kisha akaenda zake. Larko haikuwa mali ya kampuni yoyote. Ilitunzwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wasio na ofisi wala mshahara, walioandikiana barua pepe. Aliyeona kasoro alishona kiraka, yaani aliandika upya ile mistari mibovu, akakipeleka mbele ya wenzake. Wenzake walikivuta huku na huku kuona kama kitachanika. Kisha ilipasa mtu wa pili mwenye kukihitaji akijaribu kwenye mashine yake na atoe ushahidi. Hapo ndipo watunzaji walipokishonea kwenye toleo jipya, na aliyekileta akabaki kuwa mlezi wake. Kikizua balaa, yeye ndiye wa kujibu.

Mageni aliupenda utaratibu huo kwa uchungu. Katika mradi, maamuzi yalishuka kutoka Dar es Salaam kama mvua ya mawe, wala hakuna aliyeulizwa. Katika Larko, hata mtunzaji mkuu alipokataa jambo, alilazimika kutoa sababu mbele ya wote.

Lakini wote hao walikuwa mbali. Kila mchana, ofisi ilipofungwa kwa chakula, Mageni alibaki peke yake akisikiliza modemu ikilia kwenye waya wa simu kuelekea Dar es Salaam. Mumewe, Thobias, alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita. Binti yao, Loveness, aliishi Ushirombo kwa bibi yake. Safari moja Thobias aliporudi, Mageni alijaribu kumweleza.

"Mke wangu," Thobias alimwambia, "mimi natafuta dhahabu ardhini. Wewe unatafuta nini hewani?"

Hata huko hewani hakuwa mtu kamili. Programu iliyosambaza barua zao ilikata jina lake kwenye ritifaa, kile kikoma kinachokaa juu ya neno, kwa hiyo wenzake walimwita Bwana Ng. Mmoja, akidhani hilo ni jina la Kichina, alimuuliza hali ya hewa ya Hong Kong. Aliwasahihisha, wakamwomba radhi, na baada ya muda, mwingine akamwita Bwana Ng tena.

Kiraka chake kilikuwa chepesi: ritifaa likifuata herufi n na g, neno lisikatwe. Alikituma, na mtu mmoja akauliza, "Tatizo hili ni la watu wangapi?"

Swali hilo ni ufidhuli uliovaa tai. Watu hawapungui kwa kuwa hawakualikwa kwenye kikao. Mageni alijibu hivyo hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Mtunzaji mkuu aliwatuliza wote: kiraka kinafaa kujaribiwa, aletwe shahidi wa pili kabla toleo halijafungwa.

Siku hizo hizo Bwana Donatus akatangaza kwamba mradi unafungwa, na kompyuta pamoja na modemu yake vitarudishwa Dar es Salaam Ijumaa. Mageni alielewa maana yake. Kiraka kisichopita sasa kingekosa mtu wa kukitetea, na kisicho na mtetezi hutupwa.

Katika Shinyanga nzima alimjua mtu mmoja tu aliyeweza kutoa ushahidi. Hemal, kijana wa rika lake, aliuza vipuri vya baiskeli pamoja na mama yake, Kantaben, na aliweka majina ya wateja kwenye kompyuta, kwa programu ya Larko aliyopewa na Mageni. Nusu ya wateja hao walikuwa kina Ng'wandu na kina Ng'washi.

"Shikamoo, Mama Hemal."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huyo mume wa mashimoni hakuletei hata samaki?"

Mageni alieleza shida yake. Hemal alipokea disketi, akaitazama pande zote mbili.

"Dada Mageni, waandikie tu kwamba nimejaribu, imekubali. Nani atatoka huko kuja kunikagua?"

"Ushahidi wa uongo ni uongo, hata mbele ya watu wasiokuona."

"Jaribu, Hemal," Kantaben alisema bila kuinua macho kwenye minyororo aliyokuwa akiipanga. "Dada hakukuomba sahihi."

Kesho yake Hemal alimletea disketi ofisini. "Imekataa," alisema. "Yote nimekuandikia humo."

Mageni alifungua, akasoma, damu ikampanda. "Hemal! Umeandika n'gombe! Umeandika N'gwandu! Ritifaa linakaa baada ya g!"

"Naandika kama wanavyoandika wenye majina. Kasome bucha pale mbele: nyama ya n'gombe."

"Wamekosea!"

"Wamekosea, lakini nyama inauzwa, dada."

Hemal aliporudi dukani, disketi ilibaki mezani. Kusogeza ritifaa hatua moja, kupeleka majibu mazuri, kiraka kipite: nani angejua? Mageni aliweka vidole kwenye vibonye, akaviondoa. Kilichomkera kuliko kosa la Hemal kilikuwa swali lililomjia kichwani: wanaoandika hivyo ni wangapi hasa? Alilitambua swali hilo. Alikuwa ameshona kiraka cha waliokaa darasani, akawaacha nje wauza nyama, wachimbaji, na mjomba wake aliyeandika jina la ukoo wao kwa mkaa mlangoni, ritifaa likiwa popote mkono ulipopenda.

Alituma ushahidi wa Hemal kama ulivyo. Chini yake aliandika kwamba anakiondoa kiraka chake. Kisha akashona kingine, kipana zaidi: ritifaa lolote lililo kati ya herufi mbili ni sehemu ya neno. Hemal alikijaribu, kikapita kwa tahajia zote, za shule na za bucha. Mageni alikituma Alhamisi, akieleza wazi kwamba kuanzia kesho yake hatakuwepo kukilea.

Ijumaa mchana dereva, Cornel, alikuwa ameshapakia meza zote isipokuwa ya kompyuta. Jibu la mtunzaji mkuu lilikuwa limefika: kiraka ni kizuri, toleo limekwisha kufungwa, kitasubiri lijalo iwapo atapatikana mlezi. Mageni alingoja, akaita barua mara nyingine. Ikashuka moja, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kusema neno kwenye mjadala:

"Nitakilea mimi. Lakini siwezi kutetea neno nisiloweza kulitamka. Linatamkwaje?"

"Mama Loveness, tuchomoe?" Cornel aliuliza mlangoni.

"Subiri kidogo, baba."

Aliandika kwamba ulimi unarudi nyuma, sauti inapita puani. Akafuta. Aliandika kwamba ni kama mtu anayetaka kuguna akabadili nia. Akafuta. Ofisi ilikuwa tupu, kuta zikirudisha kila mlio.

"Ng'ombe," alisema kwa sauti, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Akajisikiliza. "Ng'ombe."

Akaandika kile alichosikia, akakituma, akasogeza kiti ili Cornel apite kuufikia waya.