Salamu ya Kulwa Ziwani Kivu

Nilipokuwa mtoto pale Runzewe, kila mgeni aliyesikia naitwa Doto aliuliza hapo hapo, "Kulwa yuko wapi?" Nyumbani kwetu hakuna aliyelijibu swali hilo. Mama aliinuka akaenda jikoni, baba akaanzisha habari za mvua. Nilijua tu kwamba nilizaliwa na dada, kwamba yeye ndiye aliyetangulia kutoka tumboni, na kwamba alifariki kabla hatujaanza kutembea. Tangu hapo watu walimwita mama yangu Mama Doto.

Nikiwa darasa la tatu, shangazi yangu aliyeolewa Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, alijifungua. Bibi, mama yake baba, akasema lazima amwone mjukuu huyo kabla miguu haijamkatalia kabisa. Baba akaazima Noah ya rafiki yake, tukaondoka wanne: baba kwenye usukani, mama pembeni yake, mimi na bibi nyuma.

Tulipokaribia daraja la Rusumo, bibi alimgusa baba begani.

"Simamisha gari. Mtoto huyu hajawahi kuvuka maji makubwa. Pacha lazima ayasalimie."

Desturi hiyo alikwisha kunieleza. Pacha akifika kwenye mto au ziwa asilolijua, hujaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya maji yale yale na kusema kwamba yeye ni pacha. Asiposalimia, maji humfuata.

"Mama, hapa ni mpakani, darajani hakuna kusimama," baba alisema. "Halafu sisi tumebatizwa."

"Hata mimi nimebatizwa. Na huyu ana salamu mbili, yake na ya mwenzake."

Mama hakugeuka. Nilimwona tu akipandisha kioo, ingawa joto lilikuwa kali. Chini ya daraja mto ulinguruma, nami nikakunja miguu juu ya kiti isiwe karibu na maji.

Ng'ambo ya pili magari hupita kulia. Baba, aliyezoea kushoto, aliung'ang'ania usukani, na kila kwenye njia panda mama alimkumbusha, "Kulia, Baba Doto, kulia!" Tulilala Kigali, kesho yake tukaingia milimani. Mchana ziwa likajitokeza ghafla chini yetu, lina visiwa vidogo vya kijani, na migomba imeshuka hadi ufukweni.

"Jamani, pazuri hapa!" baba alisema.

Mimi uzuri huo sikuuona. Kila kona ziwa lilijificha, na kila lilipotokea tena lilikuwa limesogea. Nilijiuliza kama dada yangu yumo humo, na kama ananiona. Bibi alikuwa amenishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Kwenye mteremko mmoja mrefu tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Baba alikanyaga breki, mguu ukazama.

"Breki," alisema kwa sauti ndogo sana.

Akapunguza gia, akavuta breki ya mkono, kisha akalibana gari upande wa mlima. Noah ilikwaruza udongo kwa ubavu mzima, ikainama mtaroni, ikasimama. Hakuna aliyeumia. Magurudumu yalitoa moshi.

Baba aliketi juu ya jiwe. "Zimepata moto. Zikipoa zitarudi."

Bibi alikwenda akasimama mbele ya mama.

"Mama Kulwa," alimwita. Jina hilo sikuwahi kulisikia. "Mama Kulwa, twende."

Nilidhani mama atafoka. Badala yake akavua viatu.

Tulishuka kwa kijia cha mbuzi hadi ziwani. Nilijaza maji mdomoni, nikapuliza, nikasema maneno niliyofundishwa. Ikabaki salamu ya pili. Mama akaingia majini hadi magotini, kitenge na vyote, akachota maji, akapuliza mbali.

"Mimi ni Kulwa," alisema. "Nimekuja na mdogo wangu."

Ndipo akalia. Niliposikia hatua nyuma yetu nikageuka, nikamwona baba anashuka, kashika viatu vya mama.

Siku hizi naishi Ngokolo na naendesha gari mwenyewe. Najua kinachompata dereva wa nchi tambarare anayeteremka mlima huku mguu hautoki kwenye breki. Bibi, hadi anafariki, alisema ni maji. Sikuwahi kumbishia. Lakini hofu yangu ilianza zamani kuliko safari ile. Nilikua nikidhani mama hamtaji dada yangu kwa sababu angetamani mimi ndiye niliyekufa.

Siku ile, breki zilipopoa, baba aliitoa Noah mtaroni, tukaendelea polepole kwenda kwa shangazi. Mama alihamia kiti cha nyuma, akanilaza mapajani, juu ya kitenge chake kilicholowa. Akaniambia Kulwa alikuwa mlafi wa maziwa, kwamba tulipolala alikuwa akinishika sikio, na nilipoondolewa karibu yake alilia mpaka nirudishwe. Alisimulia hivyo njia nzima, mkono wake kichwani kwangu, na hakuniachia mpaka tulipofika.