Mama Amekataa Mikono Minne

Leo Mama kaniambia nimfute mikono miwili, na tangu hapo nimeishiwa nguvu.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi huchora watu kwenye tableti, hapa mjini, Utemini. Wiki nzima nimemchora Mama akiwa na mikono minne: mmoja unasonga ugali, mmoja umeshika jembe, mwingine ungo wa mtama, wa mwisho umembeba mjukuu. Nilijua atafurahi mpaka alie.

Asubuhi kafika kutoka kijijini, Kinyangiri. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwonyesha.

Akaisogeza karibu na macho. Nikadhani anawaza uchawi, jamani.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, Mama. Kwa kazi zote unazofanya."

Akairudisha tableti mezani taratibu.

"Hiyo miwili futa. Baba yako akiiona, ataniongezea na kuchunga ng'ombe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimechoka, mwanangu. Nichore nimekaa. Mikono iwe hapa tu, mapajani."

Nikafuta. Kufuta ni rahisi.

Lakini tangu mchana najaribu kuichora ile miwili iliyobaki ikiwa imepumzika, na inanishinda. Sijui inakaaje. Maisha yangu yote sijawahi kuiona hivyo.

Nimemwomba aje akae mbele yangu nimtazame. Anasema nisubiri, amalize kwanza kunifulia mashuka. Sikumwomba afue.

Nyie mliowahi kuwaona mama zenu wamekaa tu, hebu niambieni: mikono huwa wanaiwekaje?